Kikapu Chini ya Ngazi

Shamba la Mama Pacha halikuwa na udongo. Lilikuwa na kamba ndefu zilizofungwa kwenye maboya, ndani ya ghuba. Kwenye kamba zilining'inia nyavu, na ndani ya nyavu walikaa chaza. Ghuba ile ilikuwa na mashamba kumi na mawili ya namna hiyo. La kwake lilikuwa namba tisa.

Kila alasiri alivuna kwa mashua ndogo, akarudi nyumbani. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, nayo ilikuwa na ngazi ya saruji iliyoshuka mpaka majini. Hapo kwenye ngazi aliketi na mama mkwe wake. Yeye aliwasugua chaza kwa brashi ngumu, mmoja mmoja. Mama mkwe, ambaye mtaa mzima walimwita Bibi, aliwapanga kwenye kikapu cha waya.

"Huyu amefunua mdomo," Bibi alisema alasiri moja. "Mtupe."

"Amekufa, mama?"

"Amekufa, au ni mmbea. Vyovyote vile, hafai."

Mama Pacha alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Kisha alifunga lebo ya njano kwenye kikapu. Lebo iliandikwa namba ya shamba na tarehe ya kuvuna. Bila lebo, hakuna kuuza. Hiyo ndiyo sheria ya ghuba. Bibi alikifunga kikapu kwa kamba, akakitumbukiza majini chini ya ngazi. Huko chaza walikaa hai mpaka asubuhi, siku ya kuuzwa. Bibi alijifunza hivyo tangu usichana wake.

Siku hiyo boti ndogo ya mkaguzi ilipita. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kofia pana. Kazi yake ilikuwa kuchota maji na chaza kutoka kila shamba, kuvipeleka maabara, kisha kubandika majibu kwenye ubao wa banda la wafugaji wa chaza ili kila mtu asome. Alibeba chupa nyingi, kwa hiyo watu walimwita Mama Chupa.

Mume wa Mama Pacha alikuwa mlangoni, ametoka karakanani kwake alikochomelea mageti. Alikuwa mtu mwema, ila hasira zake zilikuwa karibu.

"Wewe mama!" alipaza sauti. "Umekuja kutuibia maji tena?"

"Bahari ikipungua nitakurudishia, Baba Pacha!" Mama Chupa alimjibu, akapungia mkono, akaenda zake.

Jumatano asubuhi bendera nyekundu ilipandishwa kwenye banda la wafugaji. Bendera ya kijani ina maana vuna. Nyekundu ina maana acha. Watu wote wa ghuba wakaenda bandani. Walikuta mpishi wa mkahawa wa sokoni amesimama mbele, amekunja uso.

"Wapagazi watatu walikula chaza kwangu juzi," alisema. "Waliwala wabichi, kwa ndimu. Sasa wako hospitali. Wanatapika na kuharisha. Lebo ya kikapu nilichonunua ni hii hapa."

Aliinua lebo ya njano. Namba tisa.

Mama Pacha aliutambua mwandiko wake mwenyewe.

"Sema tu jiko lako ni chafu!" mumewe alifoka.

"Jiko langu? Njoo ulambe sakafu yake!"

"Kaeni chini, nyote wawili," alisema Mama Chupa. "Nimefunga ghuba nzima, kwa sababu bado sijui uchafu umetoka wapi. Nikijua, nitafungua. Siku kumi na nne zikipita bila kujua, namba tisa itanyang'anywa kibali."

"Kwa nini sisi?" Baba Pacha aliuliza. "Majibu yako mwenyewe yako ubaoni! Soma! Maji ya namba tisa: safi. Chaza wa namba tisa: safi. Au karatasi zako ni za kufungia karanga?"

Watu walicheka. Mama Chupa hakukasirika.

"Umesoma vizuri," alisema. "Hata mimi jambo hilo limeninyima raha. Kwenye kamba, safi. Kwenye sahani, wachafu. Kuna kitu kimetokea katikati."

Mama Pacha hakucheka. Aliitazama mikono yake. Ilijaa makovu ya magamba. Miaka minne alikuwa amelijenga shamba lile, kamba baada ya kamba. Likinyang'anywa, angeanza wapi?

Mama Chupa alileta mitungi miwili ya kioo, akaiweka juu ya meza. Aliijaza maji ya bahari, akakorogea tope kidogo katika yote miwili. Maji yakawa kama chai ya maziwa. Katika mtungi mmoja aliweka chaza kumi. Mwingine aliuacha bila kitu.

"Tusubiri," alisema.

Walisubiri. Waliosimama wakaketi. Wengine wakaanza kutaniana. Baada ya saa mbili hivi, mwenyekiti wa wafugaji alishangaa kwa sauti. Mtungi usio na chaza ulikuwa bado na maji ya tope. Mtungi wenye chaza ulikuwa umetakata. Mtu angeweza kuona upande wa pili.

"Wamesafisha maji!" watu walisema, wakapiga makofi.

"Ndiyo," alisema Mama Chupa. "Chaza hana meno wala mikono. Anakula kwa kunywa. Siku nzima anavuta maji, anayachuja, anayatoa. Mmoja tu anaweza kuchuja ndoo nyingi kwa siku. Sasa niambieni, tope limekwenda wapi?"

Watu waliinama kuuchungulia mtungi.

"Sehemu limezama," aliendelea. "Sehemu limo ndani yao. Maji yakiwa na kinyesi, vijidudu vya kinyesi vitaingia ndani ya chaza na kukaa humo. Hutaviona. Havina harufu. Chaza akiwekwa kwenye maji machafu, usiku mmoja tu unatosha."

Bibi alishtuka kama mtu aliyeguswa na umeme. Aliinama sikioni kwa mkwe wake.

"Mwanangu. Kikapu chetu kinalala wapi?"

"Chini ya ngazi, mama."

"Na bomba la vyoo vya ile nyumba ya kupanga, kule juu yetu, linapita wapi?"

Bomba lilipita kando ya ngazi. Tangu mvua kubwa, ardhi ya pale haikukauka tena. Walikuwa wakiruka lile tope kila siku, bila kulifikiria.

Bibi alianza kuinuka. Baba Pacha, mwanawe, alimshika mkono.

"Mama, kaa," alinong'ona. "Wakijua, tumekwisha."

"Wasipojua, tumekwisha vile vile," Bibi alisema, naye hakunong'ona. "Na hawa wenzetu kumi na mmoja wakae na bendera nyekundu kwa sababu mimi nimefunga mdomo? Niachie mkono."

Alisimama. Banda zima lilimgeukia.

"Kikapu ni changu," alisema. "Nakitumbukiza chini ya ngazi, chaza walale majini. Nilipokuwa msichana, juu yetu hakukuwa na nyumba hata moja. Maji ya pale ungeweza kunawia uso. Sasa kuna vyumba ishirini vya kupanga, na bomba limepasuka. Nilijua kuhusu bomba. Nilijua kuhusu kikapu. Sikuwahi kuviweka pamoja kichwani mpaka leo."

Mama Pacha alisimama kando yake.

"Mama hakuwa peke yake," alisema. "Shamba ni langu, na lebo niliifunga mimi."

Mpishi alikuwa wa kwanza kusema. "Angalau sasa najua sakafu yangu haina kosa."

Mama Chupa alivua kofia yake.

"Asante, Bibi," alisema. "Na mimi nina kosa langu. Nilipima chaza wakiwa shambani tu. Sikuuliza wanalala wapi. Ilinipasa niulize."

Mchana huohuo walikwenda kwenye ngazi. Mama Chupa alichota maji chini yake, chupa tatu. Kesho yake majibu yalikuwa ubaoni, kwa wino mwekundu: ngazi ya namba tisa, maji machafu. Mwenye nyumba ya kupanga aliandikiwa barua na idara ya afya. Alipewa siku saba kubadilisha bomba. Siku ya pili alikuwa bado anatoa visingizio. Siku ya tatu Baba Pacha alikwenda mlangoni kwake na mashine yake ya kuchomelea begani.

"Mtaro wa bomba lako unahitaji kifuniko cha chuma," alimwambia. "Nakichomelea sasa hivi. Wewe mwite fundi bomba, na asiondoke mpaka amalize."

Bomba jipya likawekwa kabla ya siku saba kwisha.

Mashamba mengine kumi na moja yalifunguliwa mapema, kwa sababu sasa chanzo kilijulikana. Namba tisa ilisubiri chini ya bendera nyekundu ya peke yake. Mama Chupa alipima chaza wa namba tisa mara mbili, na pia akaja jikoni kwao. Aliwaonyesha wanawake wale wawili njia nyingine.

"Vuneni alfajiri, siku ileile ya kuuza," alisema. "Wakitoka majini, msiwarudishe tena majini. Waosheni kwa maji safi ya bomba, muwaweke kwenye sanduku la barafu, muwafunike kwa gunia bichi. Wataishi. Na mteja mwambieni awapike mpaka waive. Lakini msitegemee moto peke yake. Kuna sumu ya baharini ambayo moto hauiondoi. Kwa hiyo bendera ikiwa nyekundu, hakuna kuvuna, hata kwa kitoweo cha nyumbani."

"Hata mmoja?" Bibi aliuliza.

"Hata mmoja, Bibi."

"Una roho ngumu wewe."

"Ndiyo iliyonipatia kazi."

Siku ya kumi na moja Mama Pacha alikwenda bandani. Aliogopa kutazama juu, akatazama ubao kwanza. Namba tisa: safi. Ngazi: safi. Akainua macho. Bendera ya namba tisa ilikuwa ya kijani. Aliketi hapohapo chini, akavuta pumzi moja ndefu, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba tangu mbali. Mpishi alimkuta hapo.

"Wapagazi wangu wamepona," alisema. "Mmoja anauliza chaza watarudi lini. Nimemwambia, safari hii wataiva."

Kikapu cha waya sasa kinaning'inia jikoni. Kina vitunguu.

Na Baba Pacha? Siku hizi kila Alhamisi yeye ndiye wa kwanza ubaoni. Husoma kwa sauti, namba moja mpaka kumi na mbili, ili wasiojua kusoma nao wajue. Wiki iliyopita majibu yalichelewa. Boti ya mkaguzi ilipopita, alikimbia mpaka mwisho wa ngazi.

"Mama Chupa! Leo Ijumaa! Majibu yetu yako wapi? Ghuba hii si ya baba yako!"

"Gari la maabara liliharibika!" yeye alijibu. "Nabandika saa nane!"

"Saa nane nitakuwepo!"

Mama Pacha alikuwa akisugua chaza. Bibi alimtazama mwanawe aliyesimama na mikono kiunoni, bado anafoka.

"Huyu naye amefunua mdomo," Bibi alisema.

"Tumtupe, mama?"

Bibi alifikiri kidogo.

"Hapana," alisema. "Huyu mwache. Huyu anafaa."