Zamu ya Mnarani

Ilianza na chumvi. Margareth alianua shuka la mtoto akakuta limekakamaa, limefanya ukoko mweupe. Akalamba. Chumvi ya bahari, hapa Makambako, ambako baridi ipo ya kugawa lakini bahari hata ya kusingizia hakuna.

"Sabuni hizi za siku hizi," alisema mumewe, Lenard.

Lenard alisomea uhandisi Cuba, na kichwa chake hakijarudi hadi leo. Alijenga nyumba yenye mnara, akiiga Moro, ngome ya Wahispania inayolinda mlango wa bandari ya Havana. Ukutani mwa mnara alipachika jiwe alilolinyofoa kwenye ngome yenyewe, akalisafirisha ndani ya soksi. Kila mgeni alipandishwa huko kusimuliwa makapteni, mizinga, maharamia, na Waingereza walivyoubomoa ukuta kwa baruti.

"Na waliochonga mawe?" Margareth, mwalimu wa historia, humuuliza mbele za watu. "Weusi wenzako waliovushwa kwa minyororo, wao hawamo?"

"Mama Dainess, usituharibie chai."

Siku ya kuhamia, wazee wa ukoo walileta ulanzi, pombe ya mianzi, waitambikie nyumba. Lenard akawacheka. Akalimiminia lile jiwe ramu, akatamka kwa mbwembwe: "Karibu nyumbani! Linda mlango, asipite mtu!" Vijana wakapiga makofi. Wazee wakatazamana, wakachukua kofia zao. Kinywaji kimemwagwa, neno limetamkwa. Mzaha uko wapi hapo?

Baada ya chumvi ikaja nyundo, ko, ko, ko, ndani ya ukuta mchana kweupe, na harufu ya chokaa mbichi na jasho la mtu aliyefanya kazi asiyolipwa.

Alasiri moja ya ukungu Dainess alishikwa na homa, macho yakageuka meupe. Margareth akamfunga mgongoni, akampigia simu Msafiri, dereva wa bajaji. Ufunguo ulizunguka vizuri. Mlango haukufunguka.

"Kitasa cha bei rahisi hiki," Lenard alisema, akiusukuma kwa bega.

"Mwalimu!" Msafiri aliita kutoka nje, sauti imepungua. "Humo kuna nani mwingine? Mbona kuna mtu ananiambia nisisogee?"

Mtoto alitetemeka mgongoni kama kifaranga. Margareth alimgeukia mumewe, akanong'ona kwa hasira.

"Yule mchonga mawe ulimwambia asipite mtu. Anatii! Miaka yote ile alitii kwa mjeledi, amekufa, na wewe msomi umemfuata huko huko kumpa lindo jingine. Panda ukamwachie."

Walipanda, na kila ngazi waliyokanyaga ilikuwa na unyevu zaidi ya iliyotangulia, na nyundo ikapiga karibu zaidi, na ile harufu ikawajaa puani na kinywani hata Margareth akaanza kupumua kwa hesabu ili mtoto asiivute yote, mpaka walipofika juu na nyundo ikanyamaza, na mbele ya jiwe alikuwa amesimama mtu mrefu, amelowa, mikono imebabuka kwa chokaa, mgongo wake haufai kutazamwa.

"Mheshimiwa," Lenard alianza, "ngome yenu tukufu..."

Ukuta ulipasuka toka juu hadi chini.

"Acha hotuba!" Margareth alisema. "Mtoto anakufa!"

"Nakuachia," Lenard alinong'ona. "Nenda. Nimekuachia."

"Lindo haliachwi tupu," mtu yule alijibu, taratibu, kama askari aliyechoka. "Zamu yangu anapokea nani?"

Akamtazama Dainess.

Lenard alirudi nyuma hatua moja.

"Jibu, Baba Dainess," Margareth alisema. "Au hapa napo utamwachia mwingine abebe mawe?"

"Mimi," alisema. "Napokea mimi."

Huko chini mlango ukajibamiza wazi. Margareth alishuka mbio, mtoto akilia mgongoni, kilio kizima, kilio cha njaa. Uani akageuka.

"Baba Dainess! Shuka twende!"

Lenard alikuwa dirishani pa mnara, wima, macho yakiitafuta bandari isiyokuwepo.

"Simama hapo," alisema. "Wewe nani?"

Margareth aliingia kwenye bajaji. Msafiri hakuiondoa. Alikuwa akitazama nyuma ya Margareth, jasho limemtoka katika baridi ile.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "na huyu mzee aliyelowa, naye anapanda?"

Margareth hakugeuka. Alimpakata mwanawe, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Apande," alisema. "Amesimama vya kutosha."