Chiriku Akataa Kupakua

Kila siku ya shule, kengele ya mchana ilipogonga, Chiriku alivaa aproni na kukimbilia jikoni. Alikuwa kiranja wa chakula, msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina la Chiriku alibandikwa na wenzake kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Siku moja mpishi aliugua, hivyo maharage yalipikwa na binti yake, mgeni wa jiko lile.

Chiriku alisogeza gunia la maharage ili apange sahani. Punje chache zikadondoka. Alipoziokota, vidole vyake vilibaki na vumbi la waridi. Akakumbuka. Mjomba wake, mkulima, alikuwa amemwonya: mbegu zenye rangi zimepakwa dawa ya wadudu. Ni za kupanda, haziliwi hata zikioshwa mara kumi.

"Dada, maharage umeyatoa wapi?"

"Humo guniani. Maji yalikuwa mekundu kidogo, nikadhani ni udongo."

Mara mwalimu wa zamu akaingia. Nje, foleni ilikuwa imezunguka jengo na sahani zinagongwa.

"Kiranja, pakua. Wenzako wana njaa."

"Mwalimu, naomba wasile kwanza. Haya mahara—"

"Sikukuuliza. Tangu lini amri ikajadiliwa hapa? Pakua, au uvue beji."

Chiriku hakuwahi kumkatalia mwalimu. Mwalimu akachukua upawa mwenyewe. Hapo Chiriku akakandamiza mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili, ingawa ulikuwa wa moto.

"Beji nitavua, mwalimu, na adhabu nitaipokea. Lakini sipakui. Tafadhali, litazame gunia hili."

Mwalimu alitazama vidole vile vya waridi, kisha akaligeuza gunia. Upande wa nyuma palikuwa na picha ya fuvu na maandishi: MBEGU. ZIMETIWA SUMU. ZISILIWE.

Upawa ukamponyoka.

"Kuna aliyeonja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," alijibu binti wa mpishi. "Kijiko kimoja, nikipima chumvi."

Alikimbizwa zahanati papo hapo. Alitapika, akalazwa chini ya uangalizi, na kesho yake akarudi nyumbani salama. Maharage yote yalifukiwa mbali na kisima. Ilibainika kwamba gunia la mbegu za shamba la shule liliwekwa kimakosa kwenye stoo ya chakula.

Kesho yake asubuhi, mwalimu wa zamu alisimama mbele ya shule nzima. Chiriku, viganja vikiwa na bandeji, aliinamisha kichwa akingoja adhabu.

"Jana niliamuru bila kusikiliza," mwalimu alisema. "Mwenzenu alikataa, lakini hakutukana wala kukimbia. Alisema sababu, na alikuwa tayari kubeba lawama. Watiini wakubwa wenu, wanangu, maana amri nyingi zinawalinda. Ila amri ikielekea kumdhuru mtu, semeni, hata sauti ikitetemeka. Nasi wakubwa tujifunze kusikiliza."

Akamgeukia Chiriku.

"Nisamehe, mwanangu."