Kilima Kilichonyimwa Kondoo

Mmeniganda na habari za Ludovick kama vile sina karanga za kumenya. Haya, nasimulia. Ila atakayeogopa kwenda chooni baadaye asiniamshe.

Ludovick, mtoto wa jirani yangu Generosa, alipata kazi kwenye kilima kule Hombolo, juu ya bwawa. Watu wa chuo walikuwa wanasimika darubini ya kupiga picha anga kila usiku, wapime nyota ipi imekaa wapi. Kazi yake ilikuwa ya asubuhi: kulinganisha picha mpya na za zamani kwenye kompyuta. Nyota ilipokaa jana, na leo iwe hapo hapo. Kazi ya kivulini, na bado alilalamika.

Kabla nguzo ya darubini haijajengwa, mzee Mazengo, ambaye ukoo wake ndio wenye kilima, aliomba kitu kimoja tu: kondoo mweusi asiye na doa, ili wazee wa ukoo waliozikwa pale juu waambiwe kuna wageni. Ofisi ikamkabidhi Ludovick kondoo ampeleke. Hakumfikisha. Yeye na mafundi walimchoma kando ya bwawa, wakamla na ugali. Ofisini akasema mzee amepokea na amebariki. Kwa mzee akasema ofisi imekataa.

Mvua zilipokwisha, asubuhi moja akakuta nyota moja haipo. Akasema ni vumbi, akafuta kioo. Kesho yake na nyota za jirani hazikuwepo. Wataalamu wakaja kutoka mjini, wakafungua, wakafunga, wakasema mashine ni nzima.

Wiki hiyo hiyo Ruthu, binti wa Ludovick, mtoto wa chekechea, akamimina uji nje ya kikombe. Jua lilikuwa limeshajaa uani.

"Baba, mbona hakupambazuki?"

Hospitali wakammulika. Wakasema macho mazima.

Lile tundu la pichani likakua. Kila Ludovick alipofungua picha, weusi umesogea. Kila aliporudi nyumbani, mtoto amepoteza kitu kingine. Mlango. Sahani. Uso wa mama yake. Ludovick akaacha kula. Picha akawa anazifungua huku amejiziba jicho moja, kama anayechungulia maiti.

Akanunua kondoo mwingine, akamburuta hadi kwa Mazengo. Mzee hata hakumtazama yule mnyama.

"Wale hawana njaa ya nyama," akanong'ona. "Walitaka kuambiwa. Umeweka jicho juu ya vichwa vyao bila hodi. Nao wanachukua jicho."

"Mtoto ana kosa gani, babu?"

"Kawaulize wao."

Jioni akapanda kilimani peke yake. Akapiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye nguzo, akasema yote. Kondoo. Uongo. Yote.



"Mwacheni mtoto. Chukueni yangu."

Kitu kikamgusa kope. Taratibu. Kama kidole kinachomfumba macho marehemu.

Alishuka kwa kutambaa.

Asubuhi Ruthu alitoka uani mwenyewe, akachukua kikombe, akanywa. Kisha akamwona baba yake anapapasa ukuta, akaanza kulia.

Kilimani nyota zote zimerudi mahali pake. Ila Paulina, aliyeshika kazi ile, anasema zimeongezeka mbili, zimekaribiana, na hakuna orodha ya nyota inayozijua. Darubini ielekezwe popote, zipo. Mara moja moja zinazimika pamoja, kisha zinawaka.

Ludovick yuko kwa mama yake. Macho meupe kama mtindi. Mwanaume mzima, anashikwa mkono hadi chooni, na hivyo ndivyo atakavyoishi mpaka azikwe.