Pazia la Chumba cha Vidonda

Asubuhi nyumbani kwa Bi Fundi ilianza na cherehani. Kabla chai haijachemka, cherehani ilikuwa imeshaanza kulia kibarazani: trr, trr, trr. Majirani walishaizoea. Siku ikinyamaza, walitoa vichwa madirishani kuuliza kama kuna mgonjwa.

Siku hizi ililia kwa kusitasita. Bi Fundi alikanyaga kwa mguu mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia aliuegemeza juu ya kigoda, umefungwa kitambaa. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda. Kilianza na kiatu kilichombana. Bi Fundi ana kisukari, na mwenye kisukari anaweza kuumia mguu asisikie maumivu. Alipokuja kukiona, kilikuwa kimeshachimbika.

Zahanati walimwambia aende kusafishwa kidonda mara kwa mara mpaka kipone. Alikwenda siku za mwanzo. Kisha akaacha.

Aliishi na mwanawe, dereva wa lori, ambaye wiki nyingi yuko njiani. Aliishi pia na mke wa mwanawe. Huyo watu walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya watoto wake wawili wenye kelele za watoto sita.

"Mama, leo si siku ya kidonda?" Mama Pacha aliuliza.

"Nitakwenda kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Basi hiyo kesho haijafika. Nipe mkasi."

Mama Pacha alimpa mkasi, lakini hakuondoka. Kitambaa kilichofunga mguu kilikuwa cha maua mekundu. Kilibaki baada ya kushona gauni la mteja. Na kilikuwa na harufu.

"Mama, unafunga kidonda kwa mabaki ya vitambaa?"

"Ni kipya. Hakijavaliwa na mtu."

"Kipya ndiyo, lakini kimelala sakafuni na wajukuu zako wamekikanyaga."

Bi Fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu, ili asisikie vizuri.

Jua lilipopanda, mtu alibisha hodi. Alikuwa dada mmoja, begi begani, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Gauni au sketi?"

Yule dada alicheka. "Si gauni. Mimi ni mtafiti. Nilisomea uuguzi, sasa tunafanya utafiti pamoja na zahanati yenu. Tunataka kujua kwa nini watu wenye vidonda wanaanza matibabu, halafu hawarudi. Tukijua, tutengeneze."

Bi Fundi alivuta mguu wake nyuma. "Utafiti? Mnataka kunijaribia dawa?"

"Hapana, bibi. Sina dawa wala sindano. Nina maswali tu. Jina lako siandiki. Swali usilolitaka, usilijibu. Ukichoka, niambie niondoke. Na hata ukikataa kabisa, zahanati watakuhudumia vilevile."

"Kaa basi. Mama Pacha, mgeni chai."

Mtafiti alikaa, akatoa kalamu. "Huduma ya zahanati unaionaje?"

"Nzuri."

"Na manesi?"

"Wazuri sana. Mungu awazidishie."

"Chumba cha kufungia vidonda?"

Bi Fundi aliangalia sindano ya cherehani. "Kizuri."

"Kuna kitu kinachokuzuia kwenda?"

"Hakuna. Ni uvivu wangu tu."

Mama Pacha alikaribia kumwaga chai. "Mvivu, wewe? Wewe ambaye hata ukiwa na homa unashona vifungo?"

"Kwani anaulizwa nani hapa?" Bi Fundi alisema.

Mtafiti aliweka kalamu chini. Aliangalia magauni yaliyotundikwa ukutani.

"Bibi, mteja akija kujaribu gauni, akakwambia limemkaa vizuri, kumbe linambana. Anafanyaje?"

"Analichukua, anakwenda kumpa fundi mwingine alifumue!" Bi Fundi aliwaka. "Wananikera hao! Mimi nipo, mkasi upo, uzi upo. Si aseme tu? Nitajuaje kama hasemi?"

"Hata mimi najiuliza hivyo," mtafiti alisema polepole. "Nimepita nyumba nyingi. Kote naambiwa nzuri. Nikirudi zahanati, kitanda cha vidonda kiko kitupu."

Bi Fundi alimtazama. Kisha akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Alijua amekamatwa.

"Mama Pacha," alisema, "hebu kaanue nguo."

"Bado mbichi, mama. Nimeanika sasa hivi."

"Zianue hivyohivyo."

Mama Pacha aliduwaa, kisha akatoka. Bi Fundi alisogeza kiti karibu na mgeni, akashusha sauti.

"Lile pazia la chumba cha vidonda umeliona? Aliyelipima, sijui alipima kidirisha cha choo. Ukilivuta huku, kule kunabaki wazi. Na mlango haufungi, kitanda kimeuzuia. Unapanda kitandani, unaambiwa pandisha gauni mpaka gotini. Nje kuna benchi la watu wa presha, wanatazama ndani kama wako sinema."

"Pole, bibi."

"Wangekuwa wageni ningevumilia. Lakini siku ile nimepandisha gauni, nainua macho, nani yuko benchini? Mkwe wangu! Baba yake huyu Mama Pacha. Mtu ambaye nikisikia anakuja hapa, hata kilemba nafunga upya! Sasa nikamwambie binti yake nini? Kwamba nakimbia baba yake? Nikaona bora nijifunge mwenyewe."

Mtafiti hakucheka. Aliandika kidogo. "Nimeandika benchi na pazia tu. Mkwe hayumo."

"Asante, mwanangu."

"Sasa, naomba nione mguu."

Bi Fundi alifungua kitambaa cha maua. Mtafiti aliinama akautazama bila kukunja uso. Kidole gumba kilikuwa kimevimba. Wekundu ulikuwa umeanza kupanda juu ya mguu.

"Bibi, hapa vijidudu vimeingia. Kuvimba huku na harufu hii ndizo dalili zake. Vikifika kwenye mfupa, daktari anaweza kulazimika kukata."

"Kukata kidole?"

"Kidole. Wakati mwingine mguu."

Bi Fundi aliangalia pedeli ya cherehani. Ilikuwa imelika upande wa kulia, mahali mguu wake ulipokaa miaka yote.

"Pazia halijarekebishwa," alisema mwishowe.

"Halijarekebishwa. Lakini kusitiriwa ni haki ya mgonjwa. Unaweza kumwomba nesi leo hii. Usingoje kesho, bibi."

Bi Fundi alipaza sauti. "Mama Pacha! Wacha nguo hizo. Nipeleke zahanati."

Benchi lilikuwa limejaa. Na mwisho wa benchi, kofia mkononi, alikaa mkwe. Bi Fundi alimsalimia akitazama sakafu. Naye aliitikia akitazama dari.

Mlangoni pa chumba cha vidonda Bi Fundi alisimama. Moyo ulimwenda mbio kama cherehani iliyopakwa mafuta.

"Nesi, kabla sijapanda kitandani, nina ombi."

"Sema, bibi."

"Naomba unisitiri. Kule benchini wananiona."

Nesi aligeuka akatazama pazia, kisha benchi. Alitazama kama mtu aliyeingia chumba hicho kwa mara ya kwanza. "Mimi siku zote nawapa mgongo," alisema. "Sijawahi kuona. Mbona hamkusema?"

Alitoka nje. "Jamani, naomba msogee upande wa dirishani kidogo." Wa kwanza kuinuka alikuwa mkwe. Aliinuka haraka kuliko vijana.

Nesi alipima sukari, akasafisha kidonda, akamwita daktari. Daktari aliandika dawa za kuua vijidudu, akasema amalize zote hata kama ataona nafuu. Nesi alimgeukia Mama Pacha.

"Siku ambazo haji kwetu, bandeji ikae kavu. Usiifungue bila sababu. Ikilowa, nawa mikono kwa sabuni, uweke nyingine safi kutoka hapa. Si kitambaa cha nyumbani. Dawa zake za sukari asiache. Huo mguu asiukanyagie. Wekundu ukipanda zaidi, au akipata homa, mje hata kama si siku yake."

"Na wewe bibi, umeelewa?" alimuuliza Bi Fundi.

Bi Fundi alitaka kusema nimeelewa. Akajizuia. "Hapo kwa dawa, rudia tena."

Nesi akarudia.

Utafiti ulipokwisha, zahanati iliita watu wasikilize majibu. Bi Fundi alikaa nyuma kabisa na Mama Pacha. Aliogopa kutajwa.

Hakutajwa. Mtafiti alisema hivi: wengi walipoulizwa mbele ya watu, walisema huduma ni nzuri. Walipoulizwa faragha, walitaja pazia na benchi. Kumbe Bi Fundi hakuwa peke yake. Kuna mama aliyekuwa akijisafisha kidonda kwa maji ya chumvi nyumbani. Kuna kijana aliyekuja mara moja tu.

"Manesi walidhani wagonjwa ni wazembe," mtafiti alisema. "Wagonjwa walidhani manesi hawajali. Hakuna aliyeuliza wala kusema."

Mkono mmoja ulinyooka mbele. Mkwe alisimama.

"Mimi ni wa presha," alisema. "Na sisi wa benchini mtuonee huruma. Mnatuweka tutazame ndani, macho tuyaweke wapi? Mimi ni seremala. Mbao za dari ile nazijua zote, na mbili zimeoza. Shingo imekaza kwa kutazama juu. Na presha ikipimwa, eti imepanda! Itaachaje kupanda?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mama Pacha alimgeukia Bi Fundi. Alimwona amefunika uso kwa ncha ya kilemba, mabega yanatikisika. Akakumbuka nguo mbichi alizoambiwa azianue. Akaelewa.

"Mama!" alinong'ona. "Ilikuwa baba?"

"Nyamaza, mkutano unaendelea."

Wiki hiyohiyo benchi lilihamishwa, likaelekezwa dirishani. Kitanda kilisogezwa, mlango ukafunga. Pazia jipya liliwekwa, pana, linafika ukutani pande zote. Bi Fundi alipoliona alikagua pindo lake kwa vidole, akaguna, akasema litafaa. Waliokuwa wameacha walianza kurudi. Baadhi ya siku nesi aliomba kitanda cha pili.

Kidonda cha Bi Fundi kilichukua miezi. Wekundu uliondoka kwanza, kisha harufu, kisha nyama mpya ikaota taratibu. Hakuna kidole kilichokatwa. Siku nesi alipomruhusu kukanyaga, alivaa viatu vipana, akakaa kibarazani. Aliweka mguu wa kulia mahali pake. Trr, trr, trr. Majirani walitoa vichwa madirishani, wakavirudisha.

Siku moja mtafiti alikuja tena, safari hii na kitambaa. Bi Fundi alimshonea gauni. Mtafiti alipolijaribu, alijigeuza mbele ya kioo.

"Limekukaaje?" Bi Fundi aliuliza.

"Zuri, bibi. Zuri sana."

Bi Fundi alikunja mikono. "Zuri kweli? Au zuri kama ile 'nzuri' yangu ya siku ile?"

Mtafiti aliona haya. Akainua mkono kidogo.

"Kwapani linabana."

"Haya, livue," alisema Bi Fundi, akichukua mkasi. "Si ndiko kusema huko."