Picha Kumi na Mbili za Kikosi cha Tatu

Je, umewahi kuona picha ya mapafu ya mtu aliyetoboa mwamba miaka ishirini? Kama hujaiona, chukua kitambaa cheusi ukimwagie chumvi. Ndiyo hiyo. Picha kumi na mbili za namna hiyo ziliibwa Jumatatu mchana kutoka zahanati ya mgodi wa Borovdol. Kufuli la kabati lilikuwa limebanduliwa kwa bisibisi.

Inspekta Zornitsa Karakoleva alifika na vidole vinavyonuka pilipili za kuchoma, kwa kuwa ilikuwa Oktoba, na ni nyumba gani isiyochoma pilipili za kuweka akiba Oktoba?

"Zilikuwa za nani?" aliuliza.

"Kikosi cha tatu, wote," alijibu Daktari Vasilka Peneva. "Keshokutwa tume ya afya inakaa. Wangeziona, wangeamuru maji yafunguliwe kwenye mashine zote za kutoboa, na wagonjwa waondolewe kwenye vumbi. Sasa nitawaonyesha nini? Kabati?"

"Nakala?"

"Hakuna."

"Huwezi kuwapiga upya?"

"Filamu zimeisha. Nyingine zitatoka Sofia mwezi ujao. Tume ikishaondoka, itarudi baada ya mwaka. Mwaka mzima watatoboa kikavu, Zornitsa."

Maji yakipita kwenye ncha ya mashine, vumbi hugeuka tope likaanguka chini. Yakifungwa, vumbi huingia kifuani na kuacha makovu yasiyopona. Baba yake Zornitsa alikuwa nayo hayo makovu. Alizikwa akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Mji mzima ulimnyooshea kidole mkurugenzi wa mgodi, mhandisi Palaveev.

"Leo saa saba mchana ulikuwa wapi?" Zornitsa alimuuliza.

"Kwa daktari wa meno. Nimeng'olewa gego. Nifungue kinywa uone?"

"Picha zile zingekuletea taabu."

"Zingeniletea, sikatai. Lakini mabomba ya maji niliyaleta mimi, bibie. Yako kule chini yameviringishwa kama soseji. Waulize wenyewe kwa nini hawayafungui."

Daktari wa meno alithibitisha. Gego lilikuwa bado kwenye kisahani.

Kwenye kabati hapakuwa na alama za vidole, ila za glavu. Akabaki Stoyna, mfagizi, aliyekuwa akipiga deki ghorofa ya juu.

"Sikumwona, nilimsikia," alisema Stoyna. "Ngazi sita, anapumzika. Sita, anapumzika. Nikajisemea, huyu kabeba nini, jiko?"

"Alisema neno?"

"Alipokuwa anashuka. Nikaita, nani huyo? Akajibu, 'Kismati, dada!' Huyoo, akaenda zake."

Kalamu ya Zornitsa ilisimama.

"Kismati? Una hakika?"

"Masikio yangu mazima. Magoti ndiyo mabovu."

Borovdol, watu wa juu huagana kwa siku njema. Kismati ni neno la wanaoshuka shimoni. Mchimbaji akimwacha mtu bila kulitamka, anaona kama amemwachia mkosi, na ulimi uliolizoea miaka thelathini haukumbuki kwamba leo mwenyewe amekuja kuiba.

Jumanne asubuhi Zornitsa aliita kikosi cha tatu kituoni, chumba cha ghorofa ya nne, mmoja mmoja. Aliacha mlango wazi, akasimama juu ya ngazi kusikiliza. Wengine walipanda wakikohoa, wengine wakitaniana. Wa mwisho alikuwa Rangel Shishkov, kiongozi wa kikosi, mtu wa mabega mapana na masharubu meupe.

Ngazi sita. Kimya. Ngazi sita. Kimya.

Zornitsa aliinama juu ya ukingo. "Mzee Rangel, kuna nini?"

"Nafunga kamba ya kiatu, mwanangu."

Alikuwa amevaa mabuti ya mpira.

Zornitsa alimpa kiti, akamsubiri mpaka kifua kikatulia.

"Picha ziko wapi?"

"Picha zipi? Za harusi?"

"Nimekuhesabia ngazi, mzee. Na Stoyna alikuhesabia."

"Kikongwe hupumzika. Nalo ni kosa?"

"Ulimwambia kismati."

Rangel alifumba macho. "Ningemwachaje bila neno? Ana mume kule chini."

Halafu akasema yote. "Ziko nyuma ya picha ya Mtakatifu Ivan, mlinzi wetu wachimbaji, mlangoni mwa mgodi. Nilikwenda na kiberiti. Nikaziinua kwenye mwanga nisome majina. Asen. Mitko. Mitko ana mtoto wa miezi mitatu! Wote wana ile chumvi. Nikashindwa kuwasha."

"Ulitaka kuficha ya nani?"

"Yangu. Sikuwa na muda wa kuitafuta kabatini, nikabeba zote. Ilibaki miezi minane nistaafu kama mtu wa shimoni. Wangenipandisha juu nifagie uwanja, kikosi kikipita kinaniona na ufagio."

"Na maji? Nani aliyafunga?"



"Mimi. Ni ya baridi, yanalowesha, yanachelewesha kazi. Siku Mitko alipoyafungua nilimuuliza, 'Umekuja kuoga au kutoboa?' Wakacheka wote. Hakuna aliyeyagusa tena."

Zornitsa alitaka kupiga meza. Alimkumbuka baba yake akilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Akaandika maelezo, Rangel akatia sahihi.

"Utashtakiwa kwa kuvunja na kuiba."

"Sawa."

"Na kesho utakuja nami kwenye tume."

"Nikaseme nini? Picha zitasema."

"Picha zitasema habari za mapafu. Za bomba utasema wewe."

Jumatano picha zilitundikwa kwenye ubao wa taa, kumi na mbili, bila pengo. Kikosi kilisimama ukutani, kofia mikononi. Mwenyekiti wa tume alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akageuka.

"Fundi Shishkov, una la kusema?"

Rangel aliinuka, akashika kiti.

"Kaa tu, mzee," Mitko alinong'ona.

Hakukaa. Alieleza habari za bomba, na ile dhihaka yake, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka safari hii. Akapumzika, kama kwenye ngazi.

"Mwaka wangu wa kwanza nilitoka shimoni natema mate meupe kwa vumbi," alisema. "Nilitaka kitu kimoja, nikaogopa wataniita mwoga. Nimekitaka miaka thelathini na mmoja."

"Kitu gani?"

Alivuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Maji," alisema. "Nataka maji."