Wimbo Uliopita Mlangoni kwa Tupokigwe

Ndugu zangu, asubuhi ya Ilula mnaijua. Ukungu unainuka, ndoo za nyanya zimepangwa, na basi likipunguza mwendo kwenye matuta kila muuzaji anakimbilia dirisha lake. Gerson alikuwa mkimbiaji, mkewe Tupokigwe mpangaji wa ndoo, na vicheko vyao vilisikika hadi ng'ambo ya barabara.

Asubuhi moja lori lililofeli breki lilimkumba Gerson akiwa na ndoo mkononi.

Watu walimzika vizuri. Walilala matanga, wakapika, wakaimba. Kisha kila mmoja akarudi kwenye nyanya zake, na Tupokigwe, ambaye ndugu zake wote wako Mbeya, akabaki na nyumba.

Jumuiya yao husali kila wiki nyumba kwa nyumba. Zamu yake ilipofika, mwenyekiti Ezekia aliwaambia wenzake, "Tumruke. Atawapikiaje watu chai na machozi yale? Apumzike." Wote wakaona ni busara. Je, nani alimwuliza mwenyewe? Hakuna.

Jioni hiyo Tupokigwe alikuwa amefagia uwanja na kutandika mikeka. Chai ilichemka. Akasikia wimbo unakuja, akajifunga kanga vizuri, akasimama mlangoni. Wimbo ukakaribia, ukafika usawa wa mlango wake, ukapita.

"Kumbe na mimi wamenizika," akasema. Akaimwaga chai kwenye moto.

Hakuuwasha tena. Alilala upande wa Gerson, amevaa koti lake, na sala aliyobaki nayo ilikuwa moja tu: "Bwana, nichukue." Njaa ilipoacha kuuma, alidhani amejibiwa.

Aliyesukuma mlango alikuwa Faustina, mwanamke wa ukoo wa Gerson, aliyekuwa akigombana na marehemu kila siku kwa sababu ya wateja.

"Kamwene, wifi!" akamsalimu kwa Kihehe. "Nyanya zenu zinaoza shambani, nimechoka kuzitazama."

"Zioze."

"Gerson angekusikia! Yule mwizi wa wateja wangu, eti anawaambia abiria nyanya zangu nimezipaka mafuta!"

Sauti kavu ikatoka ndani ya koti: "Si ulikuwa unazipaka."

"Kidogo tu, wifi. Zing'ae."

Tupokigwe akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kilio ambacho hata makaburini hakikutoka. Faustina akakaa chini, asimwambie anyamaze. Ndipo alipoliona jiko, majivu yameganda.

"Mlinipita," Tupokigwe akasema. "Chai ilikuwa tayari."

Faustina akainamisha kichwa. "Nilikuwemo. Niliimba, nikapita."

Akawasha moto, akakoroga uji. Kijiko cha kwanza Tupokigwe alikitapika. Cha pili akakilaza mdomoni muda mrefu, akimtazama Faustina kama anayeuliza kama kuna haja. Akameza.

Faustina akaenda kuwaeleza wenzake, na jioni hiyo jumuiya nzima ikaja kwa aibu, Ezekia akiwa mbele. Tupokigwe alikuwa ameegemea ukuta, mnyonge, koti la mumewe mabegani.

"Karibuni," akawaambia. "Chai leo mtapika wenyewe. Sukari iko pale juu."

FUNZO

Ndugu zangu, mfiwa haachwi peke yake kwa jina la kumpumzisha. Ukiona mlango umefungwa, bisha. Usipojua la kumwambia, mtaje marehemu wake kwa jina, kisha washa moto. Mungu hutuma msaada, lakini huutuma kwa miguu yetu. Tusipite.