Kombu Si Sombe

Mado aliacha kula chakula cha Lydie siku alipoyaona yale majani meusi. Lydie, mke wa kaka yake, aliosha vyombo kwenye kantini ya Wachina, njia ya Likasi. Ndiko alikoyatoa. Yalikuwa makavu, marefu kama mikanda, na yalinuka samaki. Kila jioni alimpikia mama mkwe sufuria nzima, ya kulia bukari, yaani ugali.

"Iko mboga ya bahari," alisema. "Itamaliza goitre ya mama."

Mama Marie-Thérèse, mama yake Mado, alikuwa na uvimbe shingoni tangu zamani. Sasa alikonda, mikono ikatetemeka, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi.

"Na wewe hauli?" Mado alimuuliza Lydie.

"Harufu inanishinda, yaya," alijibu, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Aha. Kwa mama haina harufu."

Jioni hiyo Mado aliipokonya sufuria mkononi mwa Lydie, akaenda nayo kwa jirani yao Agnès, muuguzi. Lydie alimfuata nyuma, akichemka.

"Unaniita mulozi, muchawi wa sumu, mbele ya bantu?"

"Sijaita muntu. Nabeba sufuria tu."

Agnès alinusa, akavuta jani moja kwa kijiko. "Hii njo kombu, mwani wa kahawia. Unaota juu ya mawe, ndani ya bahari ya baridi. Wachina na Wajapani wanakula. Utelezi wa mwani kama huu wanatia hata mu dawa ya meno."

Lydie akamkazia macho Mado. "Umesikia? Haiko sumu."

"Ngoja kwanza," Agnès akasema. "Kule kantini wanatia kiasi gani?"

"Kipande kama kidole, mu supu ya bantu wote."

"Na wewe?"

Lydie aliinama. "Nilipika kama sombe, kama majani ya muhogo: sufuria nzima."

"Kombu iko na iyodi mingi sana, yale madini ya kuzuia goitre, na mwili unataka kidogo tu. Mwenye goitre ya zamani akiipata nyingi, moyo unaweza kukimbia hivi. Acheni leo. Kesho asubuhi mumupeleke hospitali, wapime damu. Nyumbani mutumie munyu, chumvi yenye iyodi, mufunike vizuri, mbali na moto."

Hospitalini mama alipewa dawa. Uvimbe haukuisha, lakini moyo ulitulia, na baada ya miezi michache alishika kikombe cha chai bila kumwaga. Lydie sasa anaweka munyu ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na mbabula, jiko la makaa.

Siku moja alimgeukia Mado. "Yaya, haikuwa sumu. Uniombe pardon."

"Nilikosea jina la sumu," Mado akajibu. "Sikukosea kubeba sufuria. Siombi."